Kompyuta Iliyofunikwa Vizuri

Ambakisye alikuwa na kompyuta moja nyumbani kwake, na aliipenda. Nawasimulia habari zake kwa sababu mmekuja hapa mkiomba kufanywa upya, na mtu huyu naye aliomba jambo hilo hilo, kwa bidii, jioni nyingi, wala hakupewa.

Alikuwa msimamizi wa ghala la ushirika wa wakulima wa chai, katika mji wa milimani ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Kazi yake ilikuwa kufunika. Mbolea ikishushwa, aliifunika. Magunia yakipangwa, aliyavutia turubai juu na kulikaza kwa kamba pembeni. Hakuna gunia lililowahi kulowa mikononi mwake, na watu walimheshimu kwa hilo. Kitu kimoja tu hakukifunika, nacho ni majani mabichi. Mkulima aliyeleta majani yaliyoshindiliwa kwenye mfuko na kufungwa mdomo alirudishwa mlangoni. Ambakisye alimwambia kila mmoja maneno yale yale: kwamba jani lililochumwa bado linapumua, na likizibwa huungua kwa joto lake lenyewe. Aliyasema hayo mchana kutwa. Aliyajua vizuri sana.

Jioni alirudi nyumbani na kuitunza nyumba yake kama ghala. Familia ikishakula, ikasali, ikasema amina, yeye hakuketi tena. Aliizunguka sebule. Alifunika redio, alifunika mtungi wa maji, alitandaza vitambaa juu ya migongo ya viti, na mwisho, polepole, kama mtu anayemvutia mtoto shuka, aliifunika kompyuta. Alizima kioo chake, kwa kuwa kioo kisichotazamwa hakina haja ya kuwaka. Kisha alikwenda kulala akiwa na amani, maana kila alichokipenda kilikuwa kimefunikwa.

Kitambaa cha kompyuta kilikuwa na historia yake. Mama yake, marehemu Gwantwa, alikifuma kwa sufu nzito ya bluu yenye pindo jeupe, wakati nyumba yao ilipopata runinga ya kwanza, ile yenye chogo kubwa nyuma. Alikipima kwa shubiri zake. Alikifuma kikiwa kinene, kwa sababu ya baridi. Runinga ile ilipokufa na nyingine nyembamba ikatundikwa ukutani, kitambaa kilibaki bila kazi, na mama naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Ambakisye hakuvumilia kukiona kabatini kama kitu kisicho na mwenyewe. Siku kompyuta ilipoingia nyumbani alikitoa, akakijaribu juu ya lile boksi linalobeba mashine yenyewe, nacho kikakaa sawasawa, kana kwamba mama alilipima boksi lile kabla halijatengenezwa. Kikafunika juu. Kikafunika ubavuni. Kikashuka nyuma mpaka mezani, juu ya matundu ambayo feni hutolea joto. Ambakisye akarudi hatua nyuma, akatazama, akaridhika.

Mkewe aliitwa Subilaga. Subilaga alikuwa na mdogo wake, Tusekile, aliyekuja kuishi nao baada ya kufiwa na mumewe, akapewa chumba cha Lugano, mtoto wao aliyekuwa akisoma bweni mbali. Tusekile hakuja kukaa tu. Alikuwa akisomea ualimu wa watoto wadogo kwa njia ya mtandao, na kompyuta ya sebuleni ndiyo iliyokuwa darasa lake. Shule moja ya mtaani ilikuwa imemwahidi kazi akimaliza. Basi mtihani wa mwisho ulipokaribia, chuo kikatoa tangazo: mtihani utafanyiwa nyumbani, mbele ya kamera, katika chumba kitulivu, na kompyuta yenye mfumo wa zamani haitapokelewa. Mfumo lazima usasishwe kwanza. Asiyeweza, atangoja mwaka mwingine. Na shule ile ya mtaani ilikuwa imeshasema kwamba haitangoja.

Ambakisye alimwambia shemeji yake asihangaike. Alisema mashine ni yake na kazi hiyo ni yake. Mtandao wa nyumba ile ulitoka kwenye simu yake, na simu hiyo mchana ilikuwa ghalani pamoja naye, kwa hiyo kazi ilibidi ifanywe jioni. Kabla ya kuketi mezani alibonyeza palipoandikwa kusasisha. Mashine ikaanza kuvuta mzigo wake kutoka mbali. Wakala. Wakasali. Akafunika. Asubuhi walikuta imezimika. Walipoiwasha, iliwaambia kwamba kusasisha kumeshindikana, kwamba inarudisha hali ya zamani, na kwamba wasiizime. Ambakisye aligeuka kutoka kwenye kioo, akawatazama watu wa nyumba yake, akauliza:

“Nani ameigusa?”

Hakuna aliyeigusa. Lakini swali lile, ndugu zangu, likawa salamu ya asubuhi ya nyumba ile.

Akaanza kutafuta kosa. Alilitafuta kama msimamizi wa ghala anavyotafuta upungufu, kwa watu waliopita mlangoni. Alisoma kwamba mashine iliyojaa haiwezi kupokea kipya. Ni kweli, haiwezi. Basi akaingia ndani yake kutafuta nafasi. Akafuta picha za safari ya akina mama wa kanisani, ambazo Subilaga alikuwa amezipanga kwa upole, sura kwa sura. Akakuta fungu la sauti asilolitambua, zito, la siku nyingi, akalifuta. Mechi za mpira alizozirekodi mwenyewe tangu ujana wake aliziacha, na mkewe alipouliza, alijibu kwamba hizo hazichukui nafasi. Subilaga akasema basi wachezaji wa enzi hizo walikuwa sisimizi. Ambakisye hakucheka.

Lile fungu la sauti lilikuwa la marehemu Anyosisye, mume wa Tusekile. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Wimbo mpya ulipopatikana alijifungia chumbani na simu yake, akaimba sauti zote nne peke yake, moja baada ya nyingine, ili kila mwanakwaya ajifunze ya kwake. Simu yake ya zamani ilipoanza kufa, mjane wake alizihamishia sauti hizo kwenye kompyuta, mahali alipoamini kuwa ni salama. Alizitafuta, akazikosa. Alimaliza chakula chake, akaosha vyombo, akaingia chumbani. Subilaga ndiye aliyemweleza mumewe alichokifuta. Ambakisye alisikitika, maana hakuwa mtu mbaya. Alisema laiti angejua. Kisha akasema kwamba hata hivyo nafasi sasa ipo, na jioni ile akabonyeza tena. Wakala. Wakasali. Akafunika. Na asubuhi akauliza nani ameigusa.

Akampigia simu fundi. Fundi akamwambia kwamba vitu vilivyochomekwa kwenye kompyuta huweza kuizuia isisasishwe. Ni kweli, huweza. Ambakisye akachomoa printa ya mkewe, ile ambayo Subilaga aliichapishia mtaa mzima ratiba za harusi na za misiba, akaisukuma chini ya kitanda. Watu waliokuja na misiba yao wakarudishwa. Akachomoa na kamera ndogo ambayo Tusekile alikuwa ameiazima kwa ajili ya mtihani. Kompyuta ikabaki peke yake juu ya meza, kama mgonjwa aliyekatazwa wageni. Jioni akabonyeza, akasali, akafunika. Asubuhi ilikuwa imezimika.

Fundi akaja mwenyewe. Alikuwa mtu makini, na alikuja mchana. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti, na fundi alipotaka pa kukaa alikiinua kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka pembeni. Jua lilikuwa limepenya ukungu kidogo na dirisha lilikuwa wazi. Fundi alipuliza vumbi, akarekebisha saa ya mashine iliyokuwa imechelewa, akasaka virusi asivipate, akaifanyisha kazi nzito kwa muda huku akiitazama. Mashine ilifanya kazi bila kukohoa. Aliwaambia kwamba ina afya kuliko wengi wa waliomo chumbani. Kisha akaaga, maana alikuwa na wateja wengine. Ninyi mnaonisikiliza mmekwisha kuona alichokishika mkononi. Msimcheke. Ni rahisi kukiona kitambaa cha nyumba ya mwingine.

Mashine ilipokataa tena, baada ya fundi kusema ni nzima, Ambakisye akafika pale ambapo watu wengi hufika. Amelikosa kosa kwenye kitu, akaenda kulitafuta kwa mtu. Akawaza kwamba kabla Tusekile hajaja, mashine ile haikuwahi kukataa jambo. Ilikuwa kweli. Hakukumbuka kwamba kabla Tusekile hajaja, haikuwahi kuombwa jambo kubwa. Akabadilisha neno la siri la kuingilia, asimpe. Tusekile akasomea kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akiisogeza karibu na macho, na maswali ya mitihani iliyopita aliyasoma vipande vipande. Jioni Ambakisye akabonyeza. Asubuhi mashine ilikuwa imezimika, ingawa aliyemshuku hakuweza hata kuifungua. Ungedhani hapo angemwacha huru. Lakini mtu aliyekwisha kuchagua mkosaji hapungukiwi na sababu. Alisema huenda mambo ya chuo aliyoyaingiza zamani yameacha sumu ndani.

Basi akamwambia mkewe, kwa sauti ya chini, kwamba ingefaa mdogo wake aende akakae ukweni kwake kwa muda, mpaka nyumba itulie. Alisema hamfukuzi. Alisema ni kumpumzisha tu. Subilaga akamuuliza: mashine ikikataa na Tusekile akiwa ameshaondoka, atakayefuata kupumzishwa ni nani, yeye mkewe, au Lugano aliyeko bwenini? Ambakisye akasema asimgeuzie maneno. Kuta za nyumba ile zilikuwa za mbao, na Tusekile alisikia yote. Huko ukweni hakukuwa na kompyuta wala chumba kitulivu. Kulikuwa na kaka wa marehemu waliokwisha kugawana vitu vya marehemu, hata kinanda chake. Lakini mgeni aliyesikia neno kama lile hangoji lirudiwe. Siku iliyofuata alifua nguo zake, akazianua zikiwa bado na unyevu wa ukungu, akazipanga kwenye begi. Aliuliza basi la asubuhi linaondoka muda gani. Dada yake alimjibu huku akitazama pembeni.

Jioni ile ya mwisho Ambakisye alibonyeza tena. Alitaka ionekane. Kila kitu cha mtu mwingine kilikuwa kimeondolewa: picha za mkewe, nyimbo za marehemu, printa, kamera, na sasa hata mgeni mwenyewe alikuwa na begi lililofungwa zipu. Hakikubaki juu ya meza ile kitu ambacho hakikuwa chake. Walikula. Alisali sala ndefu, akamwombea msafiri njia njema, na Tusekile akaitikia amina kwa sauti iliyosikika vizuri. Kisha akina dada wawili wakaingia ndani, na yeye akazunguka sebule yake. Redio. Mtungi. Viti. Akazima kioo. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha mama yake, akakivuta pembe zake zikae sawa. Ila safari hii hakwenda kulala. Alivuta kiti akakaa kando yake kama mlinzi, ili kwa hakika asiwepo mtu wa kuigusa. Na ili mkono wake usikae bure, aliuweka juu ya kitambaa.

Mwanzo alipata faraja. Kilikuwa na joto, na mlimani joto ni kitu kizuri. Alikumbuka bega la mama yake, alivyokuwa akilishika wakiketi karibu na moto. Akafumba macho kidogo. Joto likaongezeka. Likawa kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Chini ya sufu feni ilianza kulia, kwanza pole, kisha kwa kukazana, kama mtu anayeita akiwa ndani ya gunia. Ambakisye alidhani ni kazi inaendelea, akakiweka kitambaa vizuri pale kilipokuwa kimejivuta, akaziba na mwanya mdogo uliobaki. Feni ikapiga yowe moja jembamba. Kisha kukawa kimya. Taa ndogo ya mashine, iliyokuwa ikionekana kupitia matundu ya ufumaji, ikazimika.

Alisimama. Mdomo wake ulifunguka wenyewe kutoa lile swali, kwa kuwa ulikwisha kulizoea. Akageuka kuwatafuta watu wa kuwauliza. Sebule ilikuwa tupu. Kulikuwa na viti vilivyofunikwa, redio iliyofunikwa, na yeye. Mlangoni akatokea Subilaga, ameshika kitambaa cha jikoni, amekuja kuona kwa nini mumewe haji kulala. Aliitazama mashine, akamtazama mumewe, na bila kejeli, kama mtu anayetaka kweli kujua, akasema:

“Baba Lugano, na sasa hivi, ni nani aliyeigusa?”

Ambakisye alitazama mahali mkono wake ulipokuwa. Kisha akashika pindo jeupe, akakiinua kitambaa, na joto likampiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Hapo akajua. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Harufu aliyoinusa ilikuwa nyingine, lakini joto lile alilijua, alikuwa amelikuta mara nyingi ndani ya mifuko ya majani mabichi yaliyofungwa mdomo. Alikuwa amewarudisha wazee wa watu mlangoni kwa kosa hilo. Alikuwa ameufundisha mji mzima kwamba kilicho hai kikizibwa huungua kwa joto lake lenyewe. Na kila jioni, mashine ilipoanza kazi kubwa iliyoombwa kuifanya, yeye mwenyewe, baada tu ya kusema amina, alikwenda akaiziba pumzi kwa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Mchana, wakati wowote watu wengine walipokuwa karibu nayo, ilikuwa wazi na ilikuwa nzima.

Akakichukua kitambaa, akaenda nacho mpaka mlango wa chumba cha Lugano, akabisha hodi. Tusekile alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni. Ambakisye akampa kitambaa. Yule mwanamke alikipokea, akashtuka kidogo, akakigeuza upande wa pili.

“Shemeji,” alisema, “mbona kina homa?”

“Ni mimi niliyekuwa nikiigusa,” Ambakisye akasema. “Kila jioni. Ni mimi.”

Akamweleza yote, akiwa amesimama. Akamwomba radhi kwa ajili ya simu yenye kioo kilichopasuka, kwa ajili ya begi lile, na mwisho, kwa sauti ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kwake, kwa ajili ya nyimbo. Tusekile alilaza nyuzi za sufu kwa kidole, upande mmoja, kisha upande mwingine. Halafu akamwambia kwamba nyimbo hazitarudi, na kwa hilo ampe muda, asimharakishe. Lakini mtihani bado haujapita. Akaiwashe.

Wakaiwasha. Safari hii mashine ilikuwa uchi kama siku ilipotoka dukani, na dirisha la sebule wakaliacha wazi, ukungu ukaingia ukakaa nao. Ambakisye aliificha mikono yake kwapani, maana ilikuwa inamsumbua. Ilitaka kufunika. Kila feni ilipoongeza mwendo, mabega yake yalisogea mbele, na mkewe alimshika shati kwa nyuma kama mtu anayemzuia mbuzi kwenye mahindi. Kioo kikaandika kwamba kazi inaendelea. Mashine ikajizima yenyewe, ikajiwasha. Ikaendelea. Ikapita pale ambapo haikuwahi kupita. Ikajizima tena, ikajiwasha tena, na mwisho ikafunguka ikiwa na sura nyingine, safi, na maneno ya kuwakaribisha. Hakuna aliyepiga kelele. Subilaga alisema tu kwamba inafanana na mwanamke aliyetoka saluni na hataki kuulizwa ametumia nini. Ndipo Tusekile akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nyimbo zilipopotea, na akaenda kufungua zipu ya begi.

Basi la asubuhi liliondoka bila yeye. Siku ya mtihani alikaa mbele ya kamera katika sebule tulivu, na Ambakisye alikaa nje kwenye ngazi, akawazuia waliokuja kuchapisha ratiba, maana printa ilikuwa imerudi mezani kwake. Tusekile alifanya mtihani wake wote. Shule ya mtaani haikuhitaji kungoja. Sasa anafundisha watoto wadogo kuimba herufi, na wanaopita barabarani husimama kidogo kusikiliza.

Ambakisye alizifuta mechi zake za mpira. Hakuna aliyemwomba. Kisha Jumapili baada ya Jumapili alikwenda kwa wanakwaya wa marehemu, nyumba kwa nyumba, akiuliza kama yupo aliyebaki na sauti za Anyosisye kwenye simu. Wengi walikuwa wamebadili simu. Mwisho alimpata mwimbaji mmoja wa besi aliyekuwa nayo yake, besi peke yake, basi. Akaileta nyumbani. Sauti nyingine tatu hazikupatikana mpaka leo. Asubuhi za baridi Tusekile hukaa mbele ya kompyuta akiandaa masomo, na huiweka ile besi ilie polepole, wimbo usio na juu, nayo mashine huvuma pembeni yake ikiwa wazi. Na kitambaa cha Gwantwa kiko juu ya magoti yake. Ambakisye ndiye aliyekiweka hapo. Mama yake alikifuma kwa unene wa kumkinga mtu na baridi, tangu mwanzo, hata kama alikipimia runinga.

Haya ndiyo niliyokuja nayo. Hiyo nyumba mnaijua, na mashine ile mnaijua, na mnajua kazi kubwa huanza ndani ya mtu wakati gani na huzimika wakati gani. Umeshafuta vya mkeo. Umeshachomoa vya jirani yako. Umeshamfungia mgeni begi lake. Sasa umebaki peke yako sebuleni na kitu chako kimoja, kizuri, cha urithi, ambacho hujawahi kukishuku hata siku moja. Nyosha mkono, ukiguse. Kina joto kiasi gani?